Simu janja na simu ya kupangusa: ni kitu kimoja?

Swali: Nina kibanda cha kuuza simu Mikindani, Mtwara. Bango langu limeandikwa "simu za kupangusa". Binti yangu wa sekondari anasema hayo ni maneno ya mtaani, niandike "simu janja". Nani yuko sahihi?

Jibu: Mama, usilifute bango. Maneno hayo yanataja mambo mawili tofauti, ingawa siku hizi yanakutana katika simu moja. "Janja" ni habari ya uwezo: programu, barua pepe, intaneti. "Kupangusa" ni habari ya kioo na mwendo wa kidole juu yake.

Historia yenyewe inayatenganisha. Nokia 9000 Communicator ya mwaka 1996 ilituma faksi na barua pepe, lakini kazi yote ilifanywa kwa vitufe. Ilikuwa janja, haikupanguswa. Miaka miwili kabla yake, Marekani iliona Simon ya IBM, yenye kalenda, barua pepe na kioo cha kugusa. Hata hiyo nisingeiita ya kupangusa. Vioo vilivyoenea zama zile vilikuwa na tabaka mbili zilizoachana kidogo, na simu haikusikia mpaka uzikandamize zikutane, kwa ukucha au kijikalamu. Kwa Kiswahili, huko ni kubonyeza.

Mwaka 2007 ziliingia sokoni LG Prada na iPhone. Vioo vyake vina chaji ndogo ya umeme, nayo hubadilika ngozi inapokaribia. Nguvu haikuhitajika tena, kidole kikateleza. Wasemaji wetu wakalitazama tendo hilo jipya wakaliona ni la zamani: ndivyo tunavyopangusa vumbi mezani na jasho usoni. Naupenda sana uteuzi huo. "Gusa" peke yake isingetosha, maana anayegusa huweka kidole akakiondoa, mwendo haumo. "Kioo cha mguso" ni istilahi nzuri ya vitabuni kwa kuwa inakusanya vioo vyote, cha Simon na cha leo, na imeundwa vizuri: gusa, mguso, kama cheza, mchezo.

Binti naye ana haki yake. Andika "Simu janja za kupangusa", kivumishi kikitangulia na "za" ikifuata. Na kama unauza viswaswadu pia, ongeza chini: "na za vitufe".