Mama akivunjika kifundo cha mguu, msiishie kwenye hogo

Huku Mabatini, Mwanza, nyumba nyingi zimepanda juu ya mawe, na ngazi zenyewe ni mawe. Mvua ikinyesha yanateleza vibaya. Ndiyo maana mama alipoanguka akavunjika kifundo cha mguu, kila aliyekuja kumpa pole alililaumu jiwe. Hospitali wakampiga picha, wakamfunga hogo, wakampa tarehe ya kurudi. Tukaona yamekwisha.

Aliyetuzindua ni binti wa jirani, muuguzi. Alimwamkia, akaketi, akaanza: "Mama, hedhi ilikoma lini? Umewahi kuvunjika kabla ya hapa?" Dada akakumbuka kifundo cha mkono ambacho mama alikivunja miaka ya nyuma, kwa kujikwaa tu uani. Swali la tatu ndilo lililoniingia: dawa gani anatumia? Mama ana pumu, na kifua kikibana hununua prednisolone duka la dawa, anaendelea nayo hata akipata nafuu. Dawa hiyo ikitumika kwa miezi mingi hula mifupa. (Msimwachishe mtu ghafla, lakini. Hiyo nayo ni hatari, muoneni daktari.)

Mtu mzima akianguka kutoka usawa wa kusimama tu, si juu ya mti wala kwenye bodaboda, halafu mfupa ukavunjika, lazima mjiulize kuhusu osteoporosisi, yaani mifupa kupungua uzito na kuwa dhaifu. Kwa wanawake hushika kasi baada ya hedhi kukoma. Haiumi, haina dalili, mpaka siku mfupa unapovunjika.

Nisiwatishe bure. Mivunjiko inayojulikana zaidi kwa ugonjwa huu ni ya nyonga, uti wa mgongo na kifundo cha mkono. Cha mguu wataalamu wamekibishania sana, kwa sababu uzito wa mwili na namna mguu ulivyojipinda navyo huchangia, na wengi wanaovunjika hapo wakipimwa hukutwa mifupa iko sawa. Kwangu mimi, mama aliyevuka miaka 50 akivunjika hapo kwa kuteleza tu, hiyo ni sababu tosha ya kuchunguzwa. Akiwa na mvunjiko wa pili kama mama yetu, hakuna mjadala.

Kipimo chenyewe kinaitwa DXA, eksirei ya kupima uimara wa mifupa. Majibu huja kama alama ya T, inayolinganisha mfupa wako na wa kijana mwenye afya; ikiwa hasi 2.5 au chini zaidi, ni osteoporosisi. Mashine hiyo haipo kila hospitali, ila daktari anaweza kukadiria hatari ya kuvunjika kwa kikokotoo cha FRAX bila kipimo: anaingiza umri, uzito, urefu, mivunjiko ya nyuma, dawa, sigara na pombe.

Chakula tunacho, tunakitupa. Mnofu wa sangara ni mtamu, lakini kalsiamu iko kwenye miba, kwa hiyo dagaa wa ziwani aliwe mzima. Maziwa mgando pia. Ila chakula peke yake hakitibu mfupa ulioanza kuvunjika.

Mama amepewa alendronate, dawa ya kuimarisha mifupa, kidonge kimoja kwa wiki. Ugomvi wetu ni chai. Kidonge humezwa asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, na mtu akae wima nusu saa bila kulala, la sivyo kinaunguza koo. Yeye anataka chai kwanza. Sasa Jumapili chupa ya chai inakaa chumbani kwangu mpaka nusu saa iishe.