Jikoni na Anti: Kahawa nyeusi nje, mbichi ndani

Tangu nigusie habari ya kukaanga kahawa nyumbani, meseji zenu zimejaa simu yangu mpaka za sato na dagaa zimepotelea humo humo. Leo najibu za kahawa tu.

Shikamoo anti. Mimi nipo Igoma. Shangazi yangu wa Muleba kanitumia kilo 2 za kahawa ya robusta iliyokobolewa, ilikuja na meli. Nimekaanga mara tatu kwenye fraipani, jiko la gesi. Dakika 5 tu imeshakuwa nyeusi, nikivunja punje katikati bado imepauka. Nikinywa ni chungu balaa afu kuna ladha ya majani mabichi. Mume wangu anasema ndo robusta ilivyo, nitafute ya Kilimanjaro. Ni kweli?

Marahaba mwanangu. Si kweli, na hili linaniuma maana nalisikia kila siku hapa mjini. Robusta ni mmea wa huku kwetu, Wahaya walikuwa nayo kabla hata Mjerumani hajakanyaga Bukoba, afu leo tunaiunguza wenyewe jikoni na lawama tunaipa kahawa. Ni kweli ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, yaani ile ya Kilimanjaro, na ni nzito zaidi mdomoni, ila uchungu huo unaousema wewe ni wa moto, sio wa kahawa ya shangazi.

Punje mbichi ni ngumu na ndani ina maji, kama asilimia 10 mpaka 12 hivi ikiwa imekauka vizuri. Ukiitupa kwenye fraipani lililopata moto kupita kiasi ngozi ya nje inaungua kabla joto halijafika katikati, kwaiyo unapata vyote viwili kwenye kikombe kimoja, mkaa wa nje na ubichi wa ndani. Ni sawa na karanga, ukikaanga kwa pupa si unajua zinavyokuwa.

Sasa fanya hivi. Kwanza chambua, toa punje nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, na vipande vilivyovunjika maana vinaungua mapema kuliko wenzake. Chukua gramu 200 tu, usijaze, punje zisilaliane sana. Kama una kikaango kizito, au chungu cha udongo kabisa, acha hilo fraipani jembamba. Moto wa kati, na mwiko usitulie hata sekunde, hapa simu weka mbali, kama mtoto analia mpe baba yake. Dakika 4 au 5 za mwanzo utasikia harufu ya nyasi na punje zinageuka njano, ndo maji yanatoka hayo, usiongeze moto kwa kuona kama hakuna kinachoendelea. Afu harufu inabadilika inakuwa kama mkate unaookwa, rangi inaingia kahawia, maganda mepesi yanaanza kuruka. Zima feni, zima redio, sikiliza. Kwenye dakika ya 9 mpaka 12 zitaanza kupasuka moja moja, ta, ta, kama bisi zinazoanza. Hapo kahawa imeshapita nyuzi 195 hivi na kuanzia hapo inanyweka. Mimi robusta naipeleka dakika 2 au 3 mbele ya huo mlio na moto nimeupunguza. Ukingoja utasikia mlio wa pili, mwembamba, wa haraka haraka, na mafuta yanaanza kutokeza juu ya punje. Kama hupendi uchungu usifike huko.

Ukiipua usiiache kwenye kikaango maana joto lake linaendelea kuipika. Mwaga kwenye ungo, toka nje, pepeta. Kwa sisi tulio karibu na ziwa ule upepo wa jioni unapoza na kupeperusha maganda kwa mara moja, hakuna mashine inayoushinda. Ukipima utakuta gramu 200 zimebaki kama 165 au 170, hujaibiwa, ni maji, hewa na maganda vimetoka.

Na usisage siku hiyo hiyo. Kahawa iliyotoka motoni inatoa hewa ya kaboni dayoksaidi kwa siku kadhaa, weka kwenye chupa ya kioo, kifuniko usikikaze siku ya kwanza, onja siku ya 3. Mpe na mumeo bila kumwambia ni ipi.

Shikamoo anti, nipo Nyegezi, nimenunua frenchi presi, lile jagi lenye kichujio cha kusukuma chini, na ile koni ya kumimina ya V60. Nafuata video za Ulaya, wanasema maji yakichemka subiri kwanza yapoe. Kahawa yangu inatoka nyepesi na ina ugwadu. Kipimajoto sina.

Marahaba. Hao wanaokufundisha wengi wako karibu na usawa wa bahari, maji yao yanachemka nyuzi 100. Ziwa letu Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwaiyo hapa Mwanza maji yanayotokota yana nyuzi 96 hivi, haya ndo yenyewe kabisa, maana kahawa inataka kati ya 90 na 96. Ukisubiri dakika 2 na hapo umemimina kwenye chombo cha baridi, unapika kahawa na maji yaliyochoka. Suuza chombo na maji ya moto, afu mimina yakitoka jikoni tu.

Ugwadu na wepesi maana yake maji hayajachukua ladha ya kutosha kwenye kahawa, kwaiyo baada ya joto angalia usagaji. Kwa presi saga chenga chenga kama chumvi ya mawe, dakika 4, kwa koni iwe laini zaidi, kama mchanga. Kipimo anza na gramu 15 kwa mililita 250 za maji. Kwenye koni tangulia na maji kidogo, mililita 30 au 40, uone inavyoumuka, subiri nusu dakika ndo umalizie taratibu. Ikitoka chungu na inakausha ulimi umezidisha, rudi kwenye chenga kubwa kidogo. Badilisha kitu kimoja kwa siku na uandike kwenye daftari, ukibadilisha usagaji na kipimo na maji kwa pamoja hutajua kipi kimekusaidia.

Dada, mimi ni mama mtu mzima, naishi Nansio. Karatasi za kuchujia huku sizipati. Kitambaa kinafaa?

Shikamoo mama. Kinafaa sana, mimi mwenyewe natumia. Chukua pamba nyeupe isiyo na rangi wala maua, ichemshe kwanza mara mbili itoe harufu ya dukani, shona kama mfuko mdogo. Ukimaliza suuza kwa maji peke yake, sabuni usiguse kabisa maana kahawa ya kesho itanukia sabuni. Kikianza kutoa harufu kichemshe, harufu isipotoka kitupe. Na kama maji yako ya bomba yananuka dawa, yaache kwenye ndoo ya wazi usiku mzima, funika na kitenge kuzuia vumbi.

Anti, shikamoo. Nimeletewa kahawa za kutafuna kutoka Bukoba, naweza kuzikaanga nisage? Kirumba.

Marahaba. Hapana, usizikaange. Zile ni tunda zima, zimechemshwa na majani yake ya viungo ndo zikakaushwa na ganda, ukikaanga litaungua ganda tu. Weka kwenye kisahani, akija mgeni mkaribishe nazo.