Tafuta wa kumwagilia kabla ya wa kupanda

Miche ya bustani za umma mara nyingi hufa baadaye, jua likishakaza, mradi ukiwa umefungwa na vibarua wamerudi makwao. Niliwahi kusimamia mradi wa namna hiyo, uliowapa wakimbizi na wenyeji kazi ya ujira pamoja, vibarua nusu kwa nusu. Kiangazi kilichofuata nilipita pale nikakuta vijiti vikavu vimesimama kwenye mistari iliyonyooka kabisa. Nilikishika kimoja, kikakatika mkononi kama njiti ya kiberiti. Tangu siku hiyo, mtu akiniletea bajeti ya bustani naanza na ukurasa wa mwisho: nani atamwagilia, kwa ujira gani, kwa muda gani?

Hapo ndipo miradi mingi inapojikwaa. Fedha ya ajira ikija huwa na haraka, na wafadhili wanataka kuona watu wengi wamepata kazi. Zamu fupi si mbaya kwa kuchimba, kubeba mawe na kutandika njia. Lakini mti mchanga unahitaji mkono wa mtu kiangazi cha kwanza, na mara nyingi cha pili pia. Kwa hiyo tenga tangu mwanzo nafasi chache za utunzaji wa muda mrefu, uzigawe kwa pande zote mbili. Kama fedha haitoshi, punguza miche. Mia mbili yenye watunzaji ni bustani. Elfu mbili isiyo na mwenyewe ni kuni za mwakani.

Na kuni nazisema kwa maana yake halisi. Katika kambi ya Minawao, kaskazini mwa Kamerun, wakimbizi kutoka Nigeria wamepanda miti kwenye ardhi iliyobaki tupu kwa kukatwa kuni, na sambamba na upandaji watu walifundishwa kutengeneza mkaa kwa taka za nyumbani. Hayo mawili hayatenganishiki. Ukipanda mahali ambapo watu hawana cha kupikia, utakuwa unapambana na sufuria ya mama mwenye watoto, na mwenye haki ni yeye.

Sasa malipo, maana nililoliona liliniuma. Shirika lililokuwa linatulipa liliamua kutuma ujira kwa simu. Wenyeji wakapata wiki ileile. Wakimbizi wengi hawakuwa na kitambulisho kinachokubalika kusajili laini, wakasubiri. Wiki ya tatu minong'ono ikaanza, kila upande ukikaa chini ya kivuli chake, na watu waliokuwa wakipokezana sururu wakawa hawasalimiani. Maneno mazuri ya mshikamano hayakusaidia chochote mpaka fedha ilipofika. Tafadhali, kabla ya siku ya kwanza ya kazi, jaribu kumlipa kila mtu kiasi kidogo kwa njia utakayotumia, uone nani anakwama.

Uliza pia mapema sheria inaruhusu nini. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unagusa haki ya kufanya kazi ya ujira katika kifungu cha 17, lakini kila nchi ina utaratibu wake. Jordan, kwa mfano, ilianza kuwafungulia Wasyria njia ya vibali vya kazi mwaka 2016, miaka kadhaa baada ya wengi wao kuwasili. Usitangaze nafasi halafu uwaambie watu hawana kibali.

Kuhusu kuchanganya watu: usiwakusanye kwenye mkutano wa kuhubiriana amani. Wapange wawili wawili kwenye shimo moja, mmoja kutoka kila upande. Kwetu mambo yalibadilika kwa sababu ya mzee mmoja mkimbizi aliyekuwa mkulima alikotoka. Lugha ya pale alikuwa hajaishika vizuri. Aliupakata mche, akapasua kiriba, ule mfuko wa plastiki uliooteshewa, kwa wembe, akatuonyesha mizizi iliyojizungusha chini kama kamba. Akaitandua kwa vidole, taratibu, iliyokunjamana akaikata. Kisha akajishika shingo kwa mikono miwili, akituonyesha kwamba mti ungejinyonga. Mpaka mchana vijana wenyeji walikuwa wanamletea miche yao: "Mzee, na huu je?" Nikamwomba mwajiri amlipe kama fundi badala ya kibarua, akakubali. Mtu mwenye ujuzi asibebeshwe mchanga tu kwa kuwa ni mkimbizi. Muulize kila mtu alikuwa akifanya nini kabla ya kumpa toroli.

Mambo mengine ni mepesi ila yasisahaulike. Pata barua ya mamlaka inayosema ardhi ni ya umma na itabaki hivyo. Njia ziwekwe pale watu wanapokatiza tayari. Wanawake waulizwe wapi pawe na taa na choo, na wajibu pasipo wanaume kuwasemea.

Bustani tuliyoifanya baadaye, ya pili, tulitundika daftari kwenye kibanda cha bomba, ndani ya mfuko wa nailoni. Kila mstari una tarehe, idadi ya ndoo na majina mawili, la mwenyeji na la mkimbizi. Kiangazi kilipokwisha, kurasa zilikuwa zimejaa, na baadhi ya majina yameandikwa na wenzao kwa sababu wenyewe hawakujua kuandika.