Maji yasiyo na foleni

Swali lenu la wiki hii, "Likizo ya pwani inatuvuta kwa nini, na ungepewa nyumba karibu na bahari ungehama?", nimelisoma kwa sauti ofisini wakati wa chai. Sijalimaliza, mwalimu mwenzangu wa darasa la tatu akadakia: "Nani asiyetaka? Mie hata kesho." Huyu mwenzangu kazaliwa Manyoni, na bahari ameiona siku moja tu, usiku, akivuka na pantoni kwenda msibani Kigamboni. Kwa hiyo naomba nami nijibu, maana nina deni la muda mrefu na bahari: nimeifundisha miaka 14 kabla ya kuiona.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Bahi, magharibi mwa Dodoma mjini. Tangu 1999, kila tukifika kwenye mfumo wa jua, nilikuwa nachora ubaoni dunia, mwezi, na maji yaliyovimba pande mbili kama shavu la mtoto mwenye jino bovu. Nikaeleza kujaa na kupwa, watoto wakaandika, wakafaulu. Mmoja akawahi kuniuliza, "Mwalimu, wewe umeyaona?" Nikamwambia afungue ukurasa unaofuata.

Nilikwenda kuyaona Desemba 2013, nikiwa na miaka 37. Dada yangu, binti wa mama mdogo, anaishi Mbagala, Dar es Salaam, na Jumapili moja akanipeleka Coco Beach.

Watu wakisimulia bahari huanza na ukubwa wake. Mimi ukubwa haukunitisha. Aliyezaliwa Bahi anajua kutazama mpaka macho yachoke. Mvua zikiwa nzuri, simama kando ya mbuga yetu mwezi wa pili uone: maji mpaka yanapokutana na mbingu, na vijana ndani ya mitumbwi wakitega kambale na perege. Ni maji ya Mto Bubu, yanashuka kutoka upande wa Kondoa, yanafika kwetu na kukomea hapo. Hayana njia ya kutokea. Hayafiki bahari yoyote, jua ndilo linalokuja kuyanywa. Mwaka wa ukame unapita na baiskeli palepale ulipovua samaki. Maji ya kifuu, najua, lakini kwa chungu kama mimi ilikuwa bahari ya kutosha kunifundisha upana.

Kilichonishika pale Coco Beach ni kwamba maji yalikuwa yanakuja yenyewe. Nilisimama kwenye mchanga, yakanifuata, yakanilowesha vifundo, yakarudi, yakaja tena. Hakuna aliyeyachota. Hakuna aliyeyabeba, hakuna dumu la njano lililowekwa kushika nafasi, hakuna mtu wa kusema zamu yako bado. Nilijikuta nawatafuta kwa macho wenye maji, kama vile muda wowote atatokea mzee mwenye funguo za bomba.

Nyie wa mijini msicheke. Kwetu mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600, inanyesha kati ya Desemba na Aprili, halafu mbingu inafungwa. Nimekua nikiyahesabu maji: ya kunywa, ya kupikia, ya kuogea, na ya kuogea yaliyotumika ndiyo ya kumwagia mchicha. Nimeshagombana na jirani ninayempenda kwa sababu ya ndoo moja. Mtu aliyelelewa hivyo ukimweka mbele ya maji ambayo hakuna anayemdai mwenzake, kuna kitu mwilini kinalegea. Hicho ndicho naamini kinatuvuta watu wa bara kwenda pwani, kuliko mchanga mweupe na minazi ya kwenye kalenda. Ni kukaa mbele ya maji bila kuwa na kazi nayo.

Nilikaa nayo hivyo bila kazi kwa muda wa saa nzima, nikila mihogo ya kukaanga yenye chachandu, mpaka kijana mwenye jiko akaniuliza: "Anti, zile kandambili si zako?" Nilikuwa nimezivua chini kidogo nikisema ni mbali na maji. Moja ilishaondoka. Ya pili nikaiwahi. "Bamvua hiyo," akasema, "leo maji yanapanda mpaka huku." Miaka 14 ya chaki, na ndara zangu zinachukuliwa na somo ninalolifundisha.

Lakini siku ile nilijifunza zaidi ya nilichokuwa nakijua. Bamvua ni pale mwezi unapokuwa mpevu au hauonekani kabisa usiku kucha. Hapo jua na mwezi vinavuta kwa pamoja, na Dar es Salaam tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kupita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanapanda kivivu na kushuka kivivu. Tena hayaji saa ileile kila siku, kesho yake yanachelewa karibu saa nzima. Mvuvi haulizi leo tarehe ngapi, anatazama mwezi. Kule kwa dada niliamka alfajiri siku nyingine tukaenda Kunduchi, nikakuta bahari imekwenda zake. Kweupe mpaka mbali, mashua zimelala ubavu, na kina mama wameinama na vikapu wanaokota kombe. Siku hizi somo hilo nalifundisha kwa kandambili, na hakuna mtoto anayelisahau.

Baada ya hapo nikawa natamani mama naye aone. Mama amepita miaka 70 na hakuwahi kuvuka Morogoro. Basi lilikuwa linamtisha, saa nane au tisa na miguu yake ile. Treni ya mwendokasi ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024 nikasema sasa hana kisingizio. Likizo ya Juni iliyofuata tukatoka Bahi na haisi ya asubuhi, tukapanda treni Dodoma, na kabla ya saa nne za mwendo kwisha tulikuwa Stesheni ya Magufuli, Dar es Salaam. Kwenye mahandaki ya upande wa Kilosa alifumba macho na kushika rozari, tukitoka kwenye mwanga anafumbua na kuniuliza kama bado ni Tanzania.

Tukaenda Kigamboni. Hapa nina lalamiko. Tulifika mahali tukaona bahari ile pale, nyuma ya uzio wa hoteli moja, mlinzi akatuambia kupita ni kwa wageni wao au tulipe kiingilio, na kiingilio chenyewe kilikuwa cha kununua kuku wawili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, lakini mlinzi hakuwa na sheria mkononi, alikuwa na rungu. Mama akamwamkia, akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, na haya maji mmeyachimba nyinyi?" Kijana akaona aibu ila geti hakufungua. Tukazunguka kwa bodaboda mpaka wanapoegesha wavuvi, na huko hakuna aliyetuuliza kitu zaidi ya kama tunanunua samaki.

Mama akafunga kanga vizuri kiunoni, akaingia mpaka vifundoni. Kusi lilikuwa linavuma, mawimbi yana kelele. Akasimama kimya. Akainama, akachovya kidole, akalamba. Akatema.

"Munyu!" Ndiyo chumvi hiyo, kwa Kigogo. Akanigeukia kama niliyemdanganya. "Hata kisima chetu kile hakijafika huku. Haya hata ng'ombe hanywi."

Bahi tuna visima vya maji ya chumvi, tena mbuga ikikauka kina mama wanakwangua udongo wake, wanauchuja na kuchemsha, wanapata chumvi ya kuuza. Kwa hiyo mama alikuwa anaongea kitaalamu. Nikamwambia lita moja ya maji ya bahari ina gramu kama 35 za chumvi. Akaguna, akapiga hesabu ya kuni. "Itakula kuni kidogo," akasema. Halafu akafungua mkoba akatoa chupa tatu tupu za lita moja na nusu.

Kumbe safari nzima ilikuwa na oda. Jirani wa kwanza alitaka maji ya bahari ya kuogea, atoe nuksi, biashara yake imelala. Wa pili ana mjukuu anayeshtuka usiku. Ya tatu yake mwenyewe, hakusema ya nini. Mimi mwalimu nikaanza kutoa mhadhara, kisha nikajinyamazisha, kwa sababu nilikumbuka hata hao Waingereza walioieneza hii desturi ya likizo za baharini walianzia hapohapo kwa mama. Katikati ya karne ya 18 daktari wao Richard Russell aliandika kusifia maji ya bahari kama dawa, ya kuoga na hata ya kunywa, na wagonjwa wenye pesa wakawa wanamfuata Brighton, kusini mwa London. Starehe ilikuja baadaye ikiwa imepanda mgongo wa dawa. Mwaka 1841 reli ya London hadi Brighton ikakamilika, na watu wa kawaida nao wakaanza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Dawa kwanza, treni ikafuata. Mama yangu kafanya yote mawili kwa tiketi moja.

Sasa kuhamia. Dada yangu wa Mbagala amekaa huko zaidi ya miaka ishirini. Bahari haizidi kilomita kumi na kitu kutoka kwake, lakini tangu anipeleke mimi 2013 hakukanyaga mchanga mpaka nilipoenda na mama. Mgeni ndiye anayempeleka ufukweni. Na maji? Ananunua. Kisima cha pale mtaani kina chumvi, kinafaa kudeki na kufua, ya kunywa anasubiri bomba litoke au anaita boza. Nilimkuta uani na madumu yale yale ya njano ya kwetu. Usiku shuka linalowa kwa jasho, feni inazunguka inakoroga joto tu. Mimi nimezoea Juni ya Dodoma, unajifunika blanketi, midomo inapasuka kwa upepo mkavu, na nguo unayoanika saa mbili inakauka kabla ya saa nne. Kule ilikaa siku mbili kambani na ikaanuliwa inanuka. Mabati ya wenye nyumba za karibu na bahari yanaliwa na chumvi yakiwa bado na deni dukani.

Wenyeji wenyewe sina neno nao. Wanajua kuishi hapo, na ukikaa nao unaona bahari kwao ni shamba, ina majira yake ya kusi na kaskazi na siku zake za kutoka patupu. Anayeitazama kwa kustarehe ni sisi tuliokuja na mabegi.

Wapo pia ndugu zetu watumishi waliohamishiwa Dodoma kuanzia 2016, serikali ilipoamua kulitimiza lile azimio la 1973 la kuhamishia makao makuu Dodoma. Ijumaa jioni nenda stesheni uwaone, wanakimbia na mabegi ya mgongoni kurudi Dar kana kwamba wametolewa kifungoni. Mmoja tuliyekaa naye kiti kimoja alimwambia mama kwamba Dodoma ni jangwa. Mama hakubishana. Akamsimulia kwamba enzi za babu za babu zetu, misafara ikitoka Tabora kwenda Bagamoyo au ikirudi, ilikuwa lazima ikatize Ugogo, na watemi walikuwa wanaidai hongo ya nguo na shanga ndipo ipite na kunywa. "Zamani watu wa pwani walikuwa wanakuja kutuomba sisi maji," akasema. Yule baba akacheka mpaka Morogoro, na akamnunulia soda.

Kwa hiyo jibu langu: sihami. Hata mkinipa hiyo nyumba bure nitaipangisha, hela nitie nauli. Nataka bahari iwe mwendo wa saa nne kutoka kwangu, nifike nikiwa na kiu nayo, nikae mbele yake siku mbili tatu nisifue, nisichote, kisha nirudi kwenye zamu yangu ya bomba. Mwenzangu wa darasa la tatu anasema nina roho ya umaskini. Nimemwambia ahamie, tutafikia kwake.

Chupa zile mbili zilifika kwa wenyewe, na nisiwadanganye, yule wa biashara anadai mambo yamefunguka. Ya tatu mama alinipa mwishowe niwaonyeshe wanafunzi. Nimeiweka dirishani darasa la sita. Wameionja wote kwa ncha ya ulimi, wametema wote. Mvulana mmoja, mkimya sana, amechora mstari kwa biro kwenye chupa usawa wa maji, na kila asubuhi kabla ya kengele anakwenda kuchungulia kama yamepanda au yamepwa. Wiki ya pili sasa hakuna kitu. Jana nimemuuliza kama hajachoka. Ameniambia anasubiri mwezi mpevu.