Maswali ya Wasomaji: Nani Atatamba katika Voliboli ya Big Ten Msimu wa 2025?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Omaha, Nebraska, na watu wa huku hawana mazungumzo mengine ila timu ya voliboli ya wanawake ya chuo kikuu chao. Wenzangu kazini wanadai kwamba ubingwa wa Big Ten, ligi ya vyuo vikuu vya Marekani, umekwisha kupata mwenyewe hata kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Je, ni kweli, au ni ushabiki tu wa wenyeji?

JIBU: Ushabiki upo, wala si mdogo, kwani ni watu wa jimbo hilo hilo waliojaza uwanja wa futiboli ya Kimarekani mjini Lincoln tarehe 30 Agosti 2023, wakafika 92,003, kutazama mechi ya voliboli kati ya timu za vyuo vikuu vya Nebraska na Omaha. Hata hivyo, safari hii wenzako wana hoja. Nebraska inaingia msimu wa 2025 ikiwa na jambo ambalo makocha wengi wa ligi hii wangelitamani: seta, yaani mpangaji wa mashambulizi, aliyezoeana na washambulizi wake. Seta Bergen Reilly na washambulizi Harper Murray na Andi Jackson waliingia chuoni pamoja mwaka 2023, na msimu wa 2025 ni mwaka wao wa tatu. Rebekah Allick, mzuiaji wa katikati, msimu huo ndio mwaka wake wa mwisho. Timu inaweza kununua urefu na nguvu za mikono, lakini mpira wa haraka wa katikati, ule ambao mshambulizi anaruka kabla seta hajaugusa, hauji ila kwa misimu kadhaa ya kuchezea pamoja.

Pengo kubwa lipo nyuma. Lexi Rodriguez, libero (mlinzi maalumu wa nyuma) aliyeshika nafasi hiyo kwa miaka 4, amemaliza masomo, na Merritt Beason, aliyekuwa tegemeo la ushambulizi wa upande wa kulia, naye ameondoka. Upande huo wa kulia umepata Virginia Adriano kutoka Italia. Mimi nina wasiwasi zaidi na upokeaji wa sava, yaani mpira wa kuanzisha wa wapinzani, kwa sababu seta hodari anayefukuzia mipira mibovu hana tofauti kubwa na seta wa kawaida.

Lipo pia suala la benchi. John Cook, aliyeifundisha Nebraska tangu mwaka 2000 na kuipa ubingwa wa taifa mara 4, alistaafu Januari 2025, na nafasi yake ikachukuliwa na Dani Busboom Kelly. Huyu si mgeni: alikuwamo katika kikosi kilichotwaa ubingwa mwaka 2006, akawa kocha msaidizi walipoutwaa tena mwaka 2015, kisha akaenda Louisville na kuifikisha timu hiyo fainali ya taifa mwaka 2022 na mwaka 2024. Zote mbili alishindwa. Kwa hiyo anajua njia ya kufika, na sasa amekabidhiwa kikosi imara kuliko vyote alivyowahi kuviongoza.

Penn State, bingwa wa taifa wa mwaka 2024, ndiyo timu inayopaswa kuwanyima usingizi wenzako. Msimu wa 2024 iligawana ubingwa wa Big Ten na Nebraska, kila moja ikiwa imeshinda mechi 19 na kupoteza 1, na kipigo hicho kimoja cha Nebraska kilitoka kwa Penn State yenyewe. Zilipokutana tena katika nusu fainali ya taifa tarehe 19 Desemba 2024, Nebraska iliongoza kwa seti 2-0 na bado ikafungwa 3-2. Siku tatu baadaye Penn State iliilaza Louisville 3-1, na Katie Schumacher-Cawley akawa mwanamke wa kwanza kuipa timu ubingwa wa voliboli wa daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, akiwa kocha mkuu, huku akiendelea na matibabu ya saratani ya matiti. Hata hivyo, Jess Mruzik na Camryn Hannah, waliobeba mzigo wa ushambulizi, wameondoka. Seta Izzy Starck alibaki, na Kennedy Martin amehamia hapo kutoka Florida. Ni mshambulizi hatari, ila washambulizi wawili hawazibwi na mmoja. Ukinilazimisha nichague, nitaitaja Nebraska kwanza, Penn State ya pili, na Wisconsin ya tatu. Wisconsin imempoteza Sarah Franklin lakini imempata Mimi Colyer kutoka Oregon, yaani kutoka ndani ya ligi hii hii.

SWALI: Mimi ni kocha wa shule ya sekondari Mombasa. Nasikia ligi hiyo ina timu 18, kila moja hucheza mechi 20 tu, na hakuna mtoano mwishoni. Bingwa hupatikanaje kwa haki?

JIBU: Haki kamili haipo, Mwalimu. Kila timu ina wapinzani 17. Hukutana na 14 mara moja moja na 3 waliobaki mara mbili mbili, nyumbani na ugenini. Kwa hiyo timu inayopangiwa marudiano na vigogo hubeba mzigo mzito kuliko inayopangiwa na wanyonge, na mechi moja dhidi ya mpinzani mkuu inaweza kuchezwa kwake, mbele ya mashabiki wake, bila ya wewe kupata nafasi ya kulipiza. Ndiyo maana nashauri kuisoma ratiba kabla ya kuisoma orodha ya wachezaji.

Ugumu huo umeongezeka tangu UCLA, USC, Oregon na Washington zilipojiunga mwaka 2024 huku ligi yao ya pwani ya magharibi ikisambaratika. Sasa wasichana wa Los Angeles huvuka nchi nzima kwenda kucheza New Jersey au Maryland katikati ya masomo. Ubora nao umepanda: ukihesabu mataji yote ya taifa ya NCAA tangu mwaka 1981 hadi 2024, ambayo ni 44, mataji 22 yako mikononi mwa vyuo vilivyomo Big Ten leo, ingawa nusu yake yalitwaliwa kabla ya vyuo hivyo kuingia katika ligi hii. Na mtoano upo, ila ni wa taifa, wa timu 64, ambapo ukipoteza mechi moja unarudi nyumbani. Fainali ya msimu wa 2025 ilipangiwa Kansas City mwezi Desemba.

SWALI: Binti yangu anacheza voliboli hapa Eldoret. Je, sheria mpya za fedha zitafanya timu tajiri zizimeze nyingine msimu huu?

JIBU: Si kwa mara moja, mzazi mwenzangu. Tangu tarehe 1 Julai 2025 vyuo vilivyokubali makubaliano mapya vinaruhusiwa kugawia wanamichezo wao hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa 2025-26, lakini fedha hizo ni za michezo yote, na sehemu kubwa inatarajiwa kwenda kwa futiboli na mpira wa kikapu. Kinachoigusa voliboli moja kwa moja ni kuondolewa kwa ukomo wa ufadhili wa masomo 12 kwa kila timu. Sasa kikosi kina ukomo wa wachezaji 18, na wote wanaweza kufadhiliwa, chuo kikiwa na uwezo. Hapo ndipo chuo kinachoithamini voliboli kitajitenga na kile kinachoifanya kwa kutimiza wajibu.

Athari ya wachezaji kuhama vyuo inaonekana tayari. Purdue, timu nzuri ya kati, imeondokewa na Eva Hudson aliyekwenda Kentucky na Chloe Chicoine aliyekwenda Louisville, na sioni ikipanda juu ya nafasi ya tano. Kwa binti yako, fahamu kwamba kocha anayeweza kumchukua mchezaji aliyekwisha kupevuka katika chuo kingine hana haraka ya kumlea wa mwaka wa kwanza. Mwelekeze pia kwenye vyuo vya ngazi zilizo chini ya daraja la kwanza, ambako atapata dakika za kucheza.