Update ya Ubuntu si update ya Fedora

Nilitumia Ubuntu miaka mitano kabla ya kuhamia Fedora (zote ni distro, yaani aina za mfumo wa Linux), na neno lililonitia hasara ni lile nililoliandika kila siku. Ilikuwa usiku, kompyuta inatumia intaneti ya simu, bando limebaki kidogo. Nilitaka kusakinisha programu moja ndogo tu. Kwa mazoea nikaanza na `sudo dnf update -y` (dnf ndiyo husakinisha programu Fedora, kama apt kwenye Ubuntu; `-y` hujibu ndiyo kwa kila swali), nikaenda kuchemsha chai. Kurudi, nakuta vifurushi vya programu vinashuka kimoja baada ya kingine, kernel (kiini cha mfumo) ikiwemo, na muda si muda bando likakata.

Kwenye Ubuntu na Debian, `apt update` haigusi programu hata moja. Inachukua orodha mpya ya vifurushi, basi. Kupandisha matoleo ni kazi ya `apt upgrade`. Fedora, `dnf update` ni jina jingine la `dnf upgrade`: inapandisha kila kitu. Ukitaka kuchungulia tu, andika `dnf check-update`. Alpine inafuata mtindo wa Ubuntu, `apk update` kisha `apk upgrade`. openSUSE orodha ni `zypper refresh`, na `zypper update` inapandisha. Kwa hiyo ukihamia distro mpya, usiulize "update inaandikwaje?" Uliza "orodha inachukuliwaje, na matoleo yanapandishwaje?"

Arch, distro inayotumia pacman badala ya apt, ndiko ninakowaonya watu zaidi. Katika `pacman -Syu`, herufi y inachukua orodha, u inapandisha mfumo mzima. Mtu akitoka Ubuntu huona `-Sy` ikifuatiwa na jina la programu inatosha. Tatizo ni kwamba programu hiyo mpya imejengwa kwa maktaba mpya (mafaili ya `.so` ambayo programu huyategemea), na zilizo kwenye mashine yako ni za zamani. Unaifungua, inakataa, inalalamika kuwa haioni faili fulani la `.so`. Tafadhali, y na u ziende pamoja.

Kufuta nako kunatofautiana. `dnf remove` huondoa pia vifurushi tegemezi (vilivyoingia kwa ajili ya programu unayofuta) visivyohitajika tena; `apt remove` huviacha mpaka uandike `apt autoremove`, na mafaili ya mipangilio hubaki mpaka utumie `apt purge`. Kwa pacman, `-Rs` huondoa na tegemezi.

Majina ya vifurushi yenyewe hayafanani: seva ya Apache ni `apache2` kwa Debian, `httpd` kwa Fedora, `apache` kwa Arch. Tafuta kwanza: `apt search`, `dnf search`, `pacman -Ss`.

Na hiyo `-y` iache kabisa mpaka mkono uzoee. Bila hiyo, dnf ingenionyesha ukubwa wa mzigo na kunisubiri. Ila soma swali lenyewe: apt na pacman huandika `[Y/n]`, ukibonyeza Enter umekubali, dnf huandika `[y/N]`, ukibonyeza Enter umekataa.