Fremu mbili za saizi 54: ipi ni ndefu?

SWALI: Ndugu Mhariri, natafuta baiskeli ya mbio na nimebakiwa na mbili za kuchagua, zote zimeandikwa saizi 54. Jedwali la ya kwanza linaonyesha staki (kimo cha fremu) milimita 545, richi (urefu wake kwenda mbele) 388, bomba la juu 544 na pembe ya bomba la kiti digrii 74. Ya pili ina staki 570, richi 380, bomba la juu 554 na pembe ya digrii 73. Bomba la usukani limelala kwa digrii 73 kwenye zote mbili. Mwenzangu wa mazoezi anasema ya pili ni ndefu kwa sababu bomba lake la juu limezidi kwa sentimita nzima, ilhali richi inasema kinyume. Nifuate lipi? Nikiendesha saa mbili kiuno huanza kuuma, hivyo nisingependa kukosea.

JIBU: Ndugu msomaji, ifuate richi, ila usiisome bila staki. Vipimo hivi viwili huanzia katikati ya ekseli ya krenki (mhimili unaozungushwa na pedali) na kuishia juu ya bomba la usukani: staki hupanda wima, richi huenda mbele kwa mlalo. Bomba la juu, kwa upande wake, hupimwa kwa mlalo kutoka mstari wa bomba la kiti, na mstari huo ukilala nyuma zaidi kwa digrii moja, kipimo hurefuka hata kama usukani haujasogea. Wewe hutakaa pale bomba linapokupeleka, bali pale miguu yako inapotaka. Kiti kikiwa sentimita 72 kutoka kwenye ekseli, ukipima kwa kufuata bomba la kiti, tofauti ya digrii moja hukirudisha nyuma kwa takriban milimita 12, nawe utakisogeza mbele kiasi hicho hicho kwenye reli zake. Sentimita aliyoiona mwenzako imekwisha hapo.

Sasa zile milimita 8 za richi. Kwa kuwa bomba la usukani limeinamia nyuma, kila ringi (pete ya kuinulia) unayoiweka chini ya shingo ya usukani, yaani kipande kinachoushika usukani, huinua mikono na kuivuta karibu nawe kwa wakati mmoja. Ukiinua usukani wa baiskeli ya kwanza kwa milimita 25 ili ulingane na wa pili, utarudi nyuma karibu milimita 8, na 388 inakuwa 380. Niliirudia hesabu hii nikidhani nimekosea: shingo zikiwa sawa, baiskeli hizi zinaiweka mikono yako mahali pamoja!

Tofauti halisi, basi, ni nafasi inayobaki. Ya kwanza inaweza kushuka milimita 25 zaidi. Ya pili inafika mahali pale pa pamoja bila ringi hata moja na bado inaweza kupanda.

Ndiyo maana nakusihi upime kwanza baiskeli unayoitumia sasa. Isimamishe wima kwenye sakafu iliyo sawa, tairi la nyuma likigusa ukuta. Funga nati kwenye uzi, ushike uzi huo kando ya ncha ya kiti, subiri nati itulie, kisha weka alama ya chaki sakafuni. Fanya hivyo pia kwa kitovu cha krenki na katikati ya usukani, upime umbali wa kila alama hadi ukutani, na mwisho upime kimo cha krenki na cha usukani kutoka sakafuni. Linganisha pia urefu wa shingo na jinsi usukani wenyewe unavyojikunja kwenda mbele, kwa maana hivyo hutofautiana hata kati ya baiskeli za saizi moja.

Maumivu ya kiuno yana vyanzo vingi, hata kimo cha kiti kilichozidi. Lakini vipimo vikionyesha kwamba usukani wako wa sasa uko chini kuliko utakaopata kwenye ile ya pili, mimi ningechukua hiyo ya pili bila kusita. Ukiamua kuchukua ya kwanza, soma kikomo cha ringi alichoweka mtengenezaji, na umzuie fundi asikate bomba la foku (lile linalopita ndani ya bomba la usukani na kubeba ringi) kabla hujaendesha siku kadhaa, kwa sababu likishakatwa halirefushwi tena.